Haki ya Dama

Ukunda,
Jumapili, 18 Oktoba 1998

Kwako wifi yangu mpenzi, Da Tumu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo.

Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto wa chuo chako cha Kurani na majirani wote wa Vanga. Goti lako linaendeleaje? Watu waliokuja Msambweni kumtazama mgonjwa wao waliniambia kwamba maji ya bamvua mwezi huu yalipanda hadi barazani kwako, nawe hukuvunja darasa, bali uliwapandisha watoto kitandani wakaendelea kusoma huku miguu ikining'inia. Nilicheka, kisha nikasikitika, maana najua ni nani aliyebaki kupiga deki walipokwenda zao. Sisi huku hatujambo. Abdulrahman ameng'oka jino la mbele. Amekataa kulitupa juu ya paa kama wenzake. Amelifunga kwenye karatasi, anasema mpaka shangazi alione kwanza. Akilitamka hilo neno "shangazi" upepo unapita pengoni, nasi tunacheka.

Uniwie radhi kwa kukaa kimya. Nilipotoka eda nilirudi hotelini, lakini hawakunirudisha kwenye chumba cha simu. Meneja aliniambia kwamba kwa kuwa Jumbe alinifundisha kutumia kompyuta, wameona nikae mahali pake, kwenye ofisi inayopokea maombi ya vyumba. Nilikubali. Siku ya kwanza nilivuta mtoto wa meza nikakuta karafuu chache zimebaki pembeni. Unajua alivyokuwa akitafuna karafuu akiwa na jambo la kufikiri. Nilifunga nikaenda kunawa uso. Sasa nimezoea. Navuta, nachukua kalamu, nafunga.

Habari niliyonayo ni ndefu kidogo, na sehemu yake ya mwisho ni nzito, kwa hiyo niache niieleze kwa utaratibu.

Mwezi uliopita tuliarifiwa kwamba kutakuwa na mafunzo ya wiki mbili hapa Diani, ya kupeleleza makosa yanayofanywa kwa kompyuta. Yalikuwa ya askari wa upelelezi hasa, lakini mabenki na mahoteli yaliombwa kuleta mtu mmoja mmoja. Hotelini kwetu hakuna aliyetaka kwenda kukaa na polisi wiki mbili. Yule dada wa mapokezi alisema afadhali apewe mswaki akasugue bwawa la kuogelea. Basi wakanitazama mimi. Nilikwenda, nikachagua kiti cha nyuma karibu na mlango, na siku mbili za mwanzo sikufungua kinywa ila kuitikia jina langu.

Mwalimu wetu aliitwa Musau. Ni Mkamba, wazazi wake wana shamba kule Shimba Hills walikopewa ardhi zamani, naye alipelekwa ng'ambo kusomea kazi hii. Nilidhani atakuwa mtu wa kutisha, kumbe ni mpole, anasema polepole, na ukikosea hukuuliza umefikaje hapo, kana kwamba yeye ndiye asiyejua. Aliyechangamsha darasa alikuwa Koplo Mwangangi, naye Mkamba, mnene, mwenye kucheka kwa mabega. Tulipotakiwa kila mmoja aeleze kama amewahi kushika kompyuta katika kazi yake, alisimama bila haya akasema kwamba mara ya kwanza walipotumwa kuleta ushahidi wa kompyuta kutoka ofisi moja ya mtu, walibeba vioo vyote vya kutazamia, wakayaacha makasha yenyewe chini ya meza. "Si tulijua hiyo TV ndiyo kompyuta!" akasema. "Tukafungia vioo siku mbili nzima. Havikukiri kitu." Mwalimu Musau mwenyewe alilazimika kutazama dirishani.

Da Tumu, mambo tuliyofundishwa ungeyapenda, kwa kuwa ni mambo ya adabu. Ukifika mbele ya kompyuta yenye shaka huiwashi, na ukiikuta inawaka huichezei. Unapiga picha jinsi ilivyokaa, nyaya zake zote, hata vumbi lake. Unaifunga na kuitia lakiri mbele ya mtu wa pili, usiwe peke yako kamwe. Kisha unatoa nakala ya diski yake ya ndani, nzima nzima, hata pale panapoonekana hapana kitu, na kazi yote unaifanya juu ya nakala. Ya asili haiguswi tena. Mwalimu alisema kuiwasha tu, hata ukiwa na nia njema, ni sawa na kuingia na viatu kwenye nyumba iliyoibiwa jana.

Na tulifundishwa kwamba kilichofutwa hakijafutika. Kompyuta husahau tu ilikiweka wapi, na mpaka iandike kingine juu yake, kipo. Wenzangu hawakuelewa upesi. Mimi nilikumbuka mbao zako za chuo. Mtoto anaosha ubao wake kwa maji, unakauka juani, anaandika aya mpya, nawe ukiuinua kwenye mwanga unaona kivuli cha aya ya jana. Nilinyanyua mkono nikasema hivyo, na ndiyo mara yangu ya kwanza kusema. Mwalimu aliniomba nirudie, akasema kuanzia siku hiyo atawafundishia watu kwa mfano huo. Nilifurahi sana. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijikuta natafuta nani wa kumwambia.

Wiki ya pili mwalimu alitaka tufanye kazi ya kweli. Alimwomba Koplo Mwangangi, kwa idhini ya wakubwa zake, alete mashine ya kesi ambayo bado haijasikizwa, tuipime kwa njia ya haki, maana haikuwahi kupimwa na mtu anayejua. Koplo akaingia asubuhi amelikumbatia kasha lililofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alipolifungua niliona ubavuni stika ya ndizi. Stika ile aliibandika Abdulrahman, siku moja shule zilipofungwa nikampeleka kwa babake kazini. Ilikuwa mashine ya Jumbe. Ilikuwa kesi ya Dama.

Dama unamkumbuka. Ni yule Mgiriama mrefu aliyekuja Vanga mazikoni, akaingia jikoni bila kuitwa, akakuna nazi na kina mama kana kwamba amezaliwa mtaani kwenu. Wewe uliniuliza huyu ni nani, nikakujibu ni mfanyakazi mwenzake Jumbe wa zamani. Sikukueleza zaidi. Acha nikueleze sasa.

Dama alikuwa akishika ofisi ile usiku, na Jumbe akiipokea asubuhi. Mwaka jana, baada ya zile ghasia za Likoni, wageni walitukimbia, kisha zikaja zile mvua kubwa. Kundi moja tu la maana lilikuwa limekubali kuja kwetu Krismasi. Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba faili ya vyumba vya mwezi huo ilifunguliwa ikawa tupu. Kulikuwa na nakala kwenye disketi, nayo ilikuwa imeota ukungu kwa unyevu. Walijaribu kukumbuka kwa vichwa nani ameahidiwa chumba gani, wakakosea. Vyumba wakapewa watu wengine. Kundi lilipofika usiku wa mvua, wazee wa watu wakalala kwenye viti vya mapokezi na viatu vyao. Kesho yake walihamishwa, na kampuni iliyowaleta haikurudi tena. Mwaka mpya ulipoingia wenzetu wengi walipunguzwa kazi, na kila aliyefunga virago alikuwa na jina moja tu la kulaani.

Jina hilo ni la Dama. Mhasibu alitazama akaona kwamba ile faili tupu iliandikwa saa nane na dakika kumi ya usiku. Aliyekuwa zamu ni Dama. Na jioni ile ile Dama alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumzika shangazi yake, akanyimwa, akatoka kwa meneja akisema, "Haya, mtanikumbuka." Watu walimsikia. Yeye aliapa kwamba usiku ule stima ilikatika, jenereta iliwasha jikoni na ngazi tu, na kompyuta haikuwaka mpaka alipoondoka asubuhi. Lakini mvua zile stima ilikuwa ikikatika kila mara, hakuna aliyejua tena ilikatika lini na ilirudi lini. Mhasibu alimcheka mbele ya watu: "Kompyuta haina ugomvi na wewe, Dama. Itakusingizia kwa nini?" Akafukuzwa, kisha akashtakiwa kwa kuharibu mali ya mwajiri kwa makusudi. Yuko nje kwa dhamana, na kesi imeahirishwa mara nyingi kwa sababu hakuna aliyejua kuieleza mahakamani. Wakili aliyemwona alimwambia ajitayarishe kufungwa.

Basi tukaanza. Mwalimu alitoa nakala, ile ya asili ikatiwa lakiri. Tukatafuta kwenye nakala, tukaikuta faili tupu imeandikwa juu ya ile iliyojaa, na saa yake ni ile ile aliyoisoma mhasibu, mbili na dakika kumi kwa hesabu ya mashine, inayoanza kuhesabu katikati ya usiku, yaani saa nane usiku. Darasa zima likasema huyu mama amekwisha. Mwalimu Musau alichukua chaki. Alikwenda ubaoni akaandika: Ni nani aliyeitia saa mashine hii?

Akatueleza kwamba ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya kuikumbusha saa hata ikiwa imezimwa. Aliifungua ya kwetu bila kuiwasha, Koplo akishuhudia, akaipima betri yake, ikawa imekufa zamani. Kwa hiyo kila stima ilipokatika, mashine ile ilisahau siku na saa, na ilipowashwa ilimwuliza aliyeketi mbele yake, na chochote alichokiandika mtu huyo iliamini. Baada ya hapo saa haionekani kwenye kioo. Hukaa ndani kimya, ikiandika kwenye kila faili. Kompyuta haisemi uongo, mwalimu akasema, lakini hurudia uongo wa mtu, na kosa la mtu, bila kujua. Akamgeukia Koplo Mwangangi akamwuliza tena nani aliyeitia saa siku hiyo. Koplo akasema, "Mwalimu, hata saa ya nyumbani kwangu anaitia mke wangu. Mimi huambiwa tu nimechelewa."

Wote walicheka. Mimi sikucheka, Da Tumu, kwa sababu nilijua.

Mashine ile ilikuwa ikiwashwa na Jumbe. Yeye ndiye aliyekuwa akifika asubuhi kabla ya wengine, na ndiye aliyekuwa akiijibu inapouliza. Alikuwa akijibu kwa kutazama saa ya mkononi. Na saa yake ya mkononi unaijua kuliko mimi, maana ilikuwa ya marehemu baba yenu. Baba yenu aliitia majira ya msikiti, mshale mfupi unasimama kwenye sita jua likiwa utosini, na unasimama kwenye moja asubuhi watu wanapokwenda shamba. Jumbe hakukubali kuigeuza. Mgeni akimwuliza saa alikuwa akihesabu kichwani kabla ya kujibu, na wenzake walikuwa wakimtania, "Jumbe, huko kwako bado ni usiku?" Kwa kawaida alihesabu vizuri. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja, nikiwa nimempelekea chai, amewasha mashine kwa haraka, akaandika kile alichokiona mkononi. Mara moja nilimwambia. Akatabasamu akasema, "Hakuna anayeiona, Nadhira. Stima ikikatika tena itasahau."

Kwa hiyo mbili na dakika kumi ya mashine ile haikuwa saa nane ya usiku. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi ya asubuhi. Saa mbili ya asubuhi Dama alikuwa amekwisha kuondoka, na kwenye kiti kile aliketi mtu mmoja tu.

Siku ile sikusema. Nakuambia ukweli. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikamsikiliza mtoto akisoma kitabu chake cha shule, nikafua sare yangu nikaianika. Kichwani nilikuwa nikisema kwamba waliomtania saa ile walikwisha kutawanyika, tumebaki wawili tu tunaoijua ilivyokuwa, mimi na wewe, na wewe hukuwepo darasani. Nikinyamaza, Jumbe anabaki alivyo. Anabaki yule ambaye watoto wa chuo chako wanaambiwa wasome kwa bidii wawe kama yeye. Na Abdulrahman anabaki mwana wa mtu yule. Niliona ni haki ya mjane kulinda jina la mumewe, na kwamba hata Mungu angenielewa.

Kisha nikakumbuka hospitali. Ile wiki yake ya mwisho Msambweni, kila aliyekuja alimwuliza habari za Dama, kama amepata kazi, kama kesi imekwisha. Mimi nilidhani ni huruma yake tu, maana alikuwa na huruma. Siku moja Dama mwenyewe akaja na machungwa. Jumbe alimshika mkono akamwambia, "Dama, nisamehe." Dama akamwambia amemsamehe. Wagonjwa wote husema hivyo, alikuwa ametuomba radhi sisi sote, mpaka mama wa kufagia, kwa hiyo sikuona jambo. Lakini mkono wa Dama aliushika kwa muda mrefu, hata Dama akawa hajui aangalie wapi. Sijui, Da Tumu. Sijui kama alikuwa anajua, au alikuwa akishuku, au ni mimi ninayemwekea sasa mawazo asiyokuwa nayo. Hilo hakuna diski itakayonionyesha.

Na nikakumbuka mlivyomtoa. Mimi nilikuwa ndani na kina mama, lakini nilimsikia ami yenu kupitia dirishani, jeneza likiwa uani kabla halijainuliwa. Alitangaza kama inavyotangazwa: kwamba marehemu alikuwa binadamu, na yeyote mwenye haki yake juu yake, ya mali au ya jambo, asimwache akaenda nayo kaburini, aje kwetu sisi jamaa zake, sisi ndio tutakaoilipa. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Dama alikuwa jikoni na mbuzi ya nazi. Aliacha kukuna akasikiliza, kisha akaendelea. Hakuja kwenu kudai, kwa sababu hakujua kuwa ana chochote cha kudai.

Hapo ndipo niliposhindwa. Ile ahadi haikuwa ya ami peke yake. Ilikuwa yangu pia.

Kulipokucha nilimtafuta Mwalimu Musau kabla ya darasa, naye akamwita Koplo Mwangangi awe mtu wa pili, kama walivyotufundisha. Nikawaeleza habari ya saa. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, kisha akasema kwamba neno langu peke yake halitoshi, na hata kama lingetosha asingetaka nilibebe peke yangu. Akatafuta kwenye nakala faili nyingine zote zilizoandikwa siku ile ile. Akakuta menyu ya kifungua kinywa, ile karani wa jikoni anayoileta ichapwe kwenye mashine ile kila asubuhi saa moja ikipita kidogo, imeandikwa usiku wa manane. Menyu ya chakula cha mchana imeandikwa kabla ya alfajiri. Orodha ya watu wa safari ya jioni imeandikwa adhuhuri. Siku nzima ya hoteli ilikuwa imerudi nyuma, kila jambo kwa saa sita. Koplo alisoma akasema, "Kwani hawa wageni walikuwa wanakula lunch gizani kama popo?" Alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho aone kama nitatabasamu. Nilijaribu.

Tena tuliona kosa lenyewe lilivyokuwa. Jumbe alikuwa na mtindo wake wa kutengeneza faili ya mwezi unaofuata: anaifungua ya mwezi huu, anaondoa yaliyomo, kisha anaihifadhi kwa jina jipya. Ni njia fupi, hata mimi alinifundisha hiyo. Faili ya Januari haikuwa imeandikwa kabla ya siku ile, kwa hiyo tukajua asubuhi ile ndiyo aliyokuwa akiitayarisha. Aliondoa yaliyomo, akaihifadhi, na akasahau kubadilisha jina. Ndiyo basi. Hakukuwa na uadui wala hila, ni mkono uliotangulia macho. Lau angesema mchana ule ule, pengine wangemkemea na ingekwisha. Lakini faili ilipofunguliwa ikawa tupu, meneja alikuwa akipiga kelele, na kabla ya adhuhuri mhasibu alikuwa amekwisha kumtaja Dama.

Da Tumu, ninaloungama kwako ni hili. Nimekwisha kuandikisha maelezo yangu polisi, nimeyatia sahihi, na nitayasema tena mahakamani. Nimelifanya bila kukuuliza. Wewe ndiye uliyemlea Jumbe mama yenu alipofariki, wewe ndiye uliyemfundisha alifu, na jina lake ni lako kabla halijawa langu. Ningestahili kuja Vanga kwanza, nikae mbele yako, nikuombe ruhusa. Sikuja kwa sababu niliogopa. Niliogopa utanikataza, na niliogopa zaidi kwamba ukinikataza nitafurahi.

Meneja hajafurahi. Ameniita mara moja, akasema kwa sauti ya upole sana kwamba marehemu hawezi kujitetea na mimi ni mjane mchanga, nifikirie kazi yangu. Nilimjibu kwamba Dama pia hakuweza kujitetea, naye alikuwa hai.

Juzi nilikwenda Tiwi, kwa mama yake Dama, anakokaa siku hizi. Wana shamba dogo la mihogo nyuma ya nyumba. Nilimkuta Dama anamenya mihogo ya kukaanga, nikachukua kisu nikakaa naye, kisha nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Mama yake ndiye aliyelia, akaingia ndani. Mwishowe Dama aliniuliza, "Alikuwa anajua?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Ule mkono alioushika. Nilimwambia nimemsamehe. Nilimwambia tu kama unavyomwambia mgonjwa." Akaendelea kumenya. Kisha akasema kwamba neno lile alilitoa bila kujua ni la nini, kwa hiyo haoni kama limehesabiwa. Sasa itabidi alitoe upya, kwa moyo wake, na leo hana. Huenda akawa nalo siku moja. Aliniambia hayo bila hasira, na niliposimama kuondoka alinifungia mihogo ya Abdulrahman kwenye gazeti.

Nimekuwa nikiyapima maneno yake tangu siku hiyo. Naona ana haki. Na naona kwamba si mimi peke yangu wa kwenda kumwomba. Ami yenu alitangaza kwa niaba ya nyumba nzima, basi nyumba ndiyo iende. Siwezi kuitisha wazee wa Vanga, mimi ni mtu wa kuja. Wewe unaweza. Na kama wazee watakuwa wagumu, hata wewe peke yako, na goti lako hilo, ungetosha. Sikuombi umlaumu Jumbe. Mimi simlaumu. Kila nikiketi kwenye kiti kile nampenda vile vile, ila sasa namwombea kwa jambo ninalolijua.

Kesi itasikizwa Kwale Alhamisi ya tarehe 29. Kama utakuja, lala kwangu Jumatano, nitakupikia samaki wa kupaka usiyemaliza kumsifu. Na kama umekasirika, usinijibu kwa barua. Njoo hivyo hivyo na hasira yako, nitaipokea. Ukiingia mahakamani usinitafute upande wa watu wa hoteli. Nitakuwa nimekaa na Dama na mama yake, na nitakuwekea nafasi kwenye benchi lile lile.

Barua hii nimempa mwalimu mmoja wa shule anayekwenda Lunga Lunga, ataifikisha kwako mkononi. Isome ukiwa peke yako kwanza. Nisalimie ami, nisalimie Bi Mbodze jirani yako, umwambie dawa yake ya kifua nitamletea. Abdulrahman anakubusu mikono, na anauliza kama bahari bado iko barazani.

Mwenyezi Mungu akulinde, amrehemu kipenzi chetu, na amsahihishie yaliyompita.

Wasalaam,

Ni mimi wifi yako na mtoto wako,
Nadhira, mke wa Jumbe